Matuta Kumi na Mawili Yaliyobaki

Chukueni kalamu, andikeni 1,836. Simu wekeni pembeni, hii ni kazi ya kichwa. Sasa niambieni: namba hiyo inagawanyika kwa nne bila baki? Inagawanyika kwa sita? Na kwa ishirini na nne je? Mkishajibu yote matatu, kaeni na majibu yenu. Nitayarudia, na baadhi yenu mtaona aibu kidogo, ila haitafika ile niliyoiona mimi.

Naitwa mwalimu Perpetua. Nimefundisha hesabu katika shule za msingi mpaka nikastaafu, kwanza kule Kipili ziwani, kisha kwa muda mrefu zaidi katika shule moja upande wa Kasense. Shule yenyewe sitaitaja, maana makosa nitakayosimulia ni yangu mwenyewe. Sasa nakaa mjini, Katandala. Nina kuku, nina wajukuu wawili wasionisikiliza, na nina mpangaji wa chumba cha uani, mwalimu kijana anayeitwa Baraka. Yeye ndiye aliyenifanya niandike haya.

Siku hiyo Baraka alirudi kutoka shuleni kanuna. Mimi nilikuwa uani nachambua maharage.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hamna aliyekufa. Kuna kabinti ka darasa la sita kamenizingua mbele ya darasa zima. Nafundisha kugawanyika kwa namba kubwa, kanuni nimeshaitoa, kenyewe kananyoosha mkono, eti kanuni yangu siyo. Nimekatoa nje."

"Kanuni gani hiyo?"

Akaimba. Nasema akaimba kwa sababu ilikuwa ni wimbo, wa kupigia makofi:

"Nne imeingia, sita imeingia, zizidishe wewe, nayo imeingia!"

Mkono wangu ukabaki ndani ya ungo. Wimbo ule niliutunga mimi. Nilikuwa sijausikia kwa miaka mingi na nilidhani umeshakufa, kumbe ulikuwa unatembea. Nilimuuliza aliupata wapi. Akasema aliufundishwa na mwalimu wake wa shule ya msingi, kwao Nkasi. Nikamuuliza huyo mwalimu wake alisomea wapi. Akafikiri, akasema anavyokumbuka ni huku huku, upande wa Kasense.

Nikamwambia avute kigoda akae, na kwamba chai yake itachelewa.

Nyie walimu mnaoanza kazi mnapenda kuambiwa mbinu, basi nianze na mbinu. Nilipofika Kipili nikiwa msichana mwembamba mwenye cheti kipya, nilijua kanuni zote na sikujua sababu hata moja. Nilisimama mbele ya watoto wa wavuvi nikawaambia: namba inagawanyika kwa tatu kama jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa tatu. Wakaandika. Nikaandika ubaoni 111, nikauliza. Mtoto mmoja akasema kwa uhakika wote kwamba haigawanyiki, kwa sababu haina tatu hata moja ndani yake. Mwenzake akampinga: 13 inagawanyika, hiyo tatu si inaonekana? Darasa likagawanyika kuliko namba zenyewe. Mimi nikapiga meza nikasema kanuni ni kanuni. Hilo ndilo jibu la mwalimu asiyejua, na ninyi mtalitumia, msinidanganye.

Aliyenitoa ujinga huo ni mwalimu Kazimiri, mwalimu mkuu wangu nilipohamia Kasense. Alikuwa Mfipa wa zamani, mrefu, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa mwaka mzima kwa sababu ya baridi yetu, na mifuko ya koti hilo ilijaa maharage. Hakuyala. Yalikuwa zana yake ya kufundishia. Mkewe aliwahi kulifua koti lile, akayakuta, akayapika, na kesho yake mwalimu Kazimiri akaingia darasani akawaambia watoto somo la leo limeliwa.

Alinionyesha hivi, juu ya meza ya ofisi ya walimu. Chukua mia moja. Ondoa tisini na tisa, ambayo tisa inaiingia bila shida, na tatu pia. Limebaki moja. Chukua kumi, ondoa tisa, limebaki moja. Kwa hiyo katika 432, kila mia imekuachia moja, yako manne. Kila kumi limekuachia moja, yako matatu. Na mamoja yenyewe ni mawili. Nne na tatu na mbili ni tisa. Yale unayoyajumlisha si tarakimu tu, ni mabaki. Tisa ikiingia katika mabaki, imeingia katika yote. Nilikuwa nimefundisha kanuni ile miaka kadhaa, na siku hiyo ndipo nilipoielewa. Sikumwambia.

"Mtoto ukimpa kanuni bila sababu," alisema akirudisha maharage mfukoni, "siku akiisahau hana pa kuitafutia."

Nikazipenda sababu, nikazitafuta moja moja. Kwa nini kwa nne tunatazama tarakimu mbili za mwisho tu? Kwa sababu nne inaingia kwenye mia mara ishirini na tano kamili, hivyo mamia na maelfu yote hayana neno, yapuuzeni. Kwa nini kwa nane tunatazama tatu? Kwa sababu nane haiingii kamili kwenye mia, mpaka ifike elfu. Na kwa saba, ambayo walimu wengi wanairuka wakijifanya kengele imelia, kuna njia nzuri kwa namba kubwa. Saba mara kumi na moja mara kumi na tatu ni 1,001. Kwa hiyo ikate namba yako kutoka kulia, vipande vya tarakimu tatu tatu, kisha toa kimoja ongeza kingine. 86,149: mia moja arobaini na tisa toa themanini na sita ni sitini na tatu. Sitini na tatu inagawanyika kwa saba, basi na ile kubwa inagawanyika. Kumi na moja haiingii katika sitini na tatu, wala kumi na tatu, basi haziingii na kule. Kwa pigo moja umepima namba tatu. Watoto hupenda hiyo kuliko zote, maana inafanana na uganga.

Nilikuwa mwalimu mzuri, niseme bila haya. Wakaguzi walikaa nyuma ya darasa langu wakaondoka wakitikisa kichwa kwa kuridhika. Na mwalimu mzuri, kama hajihadhari, hufika mahali akaanza kutunga kanuni zake.

Ya kwangu ilianzia kwenye sita. Wote mnajua: namba ikigawanyika kwa mbili na kwa tatu, inagawanyika kwa sita. Kweli kabisa. Ikigawanyika kwa tatu na kwa nne, inagawanyika kwa kumi na mbili. Kweli. Kwa tatu na kwa tano, basi kwa kumi na tano. Kweli tena. Nikaona njia imenyooka. Nikasema, basi ukishaona namba mbili zimeingia, zizidishe, na jawabu lake nalo litakuwa limeingia. Sikuuliza kwa nini. Mimi, niliyewasumbua wenzangu ofisini kwa "kwa nini", hiyo moja sikuiuliza. Nikaitungia wimbo na makofi, na kila darasa lililopita mikononi mwangu likaondoka nao. Mitihani iliuliza sita, kumi na mbili, kumi na tano, watoto wakapata vema, na kosa likatulia humo ndani kama fukusi ndani ya punje.

Sasa nifike kwenye shamba.

Mliokulia mjini niwaeleze kidogo. Huku kwetu, mvua zikiwa nyingi na nyasi zimekuwa ndefu, tunazilaza na kuzifukia kwa udongo, tunapandisha matuta ya duara, kila moja kama chungu kikubwa kilichofudikizwa. Nyasi zinaoza humo ndani. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, tunayavunja matuta, tunasambaza ule udongo mweusi, tunapanda ulezi. Shule nayo ilikuwa na shamba lake la matuta, na kwa kuwa shule ni shule, yalipangwa kwa kamba: mistari thelathini na sita, kila mstari matuta hamsini na moja. Zidisheni. Ni 1,836.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zimeshaanza, mwalimu Kazimiri aliwapanga watoto wa madarasa ya juu mstarini, makundi ishirini na manne. Alitaka kila kundi livunje matuta sawa na jingine, maana mwaka uliopita wazazi walikuja kulalamika kwamba watoto wa fulani walipewa mengi. Akanigeukia mimi, mwalimu wa hesabu.

"Mwalimu Perpetua, yatagawanyika sawasawa, au tupange makundi upya?"

Mnajua tena mwalimu akipewa hadhara. Sikuchukua hata karatasi. Nikawageukia watoto nikapaza sauti: "Elfu moja mia nane thelathini na sita! Mbili za mwisho ni thelathini na sita. Nne imeingia?"

"Imeingiaaa!"

"Tarakimu zote jumla kumi na nane, na namba yenyewe ni shufwa. Sita imeingia?"

"Imeingiaaa!"

"Zizidishe wewe!"

Wakamaliza wimbo kwa makofi. Nikamwambia mwalimu mkuu: makundi ishirini na manne, halibaki hata tuta moja. Hapo mkono ukanyooshwa katikati ya mstari wa darasa la sita.

Alikuwa Skolastika. Mtoto wa wakulima wa hapo hapo, mweusi wa kung'aa, mfupi kuliko wenzake, mwenye tabia ya kukodoa macho anapofikiri. Nyumbani kwao walizungumza Kifipa tu, na Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, cha kuchagua. Kwa hesabu alikuwa ananipita, na nilikuwa nalijua hilo. Nilimtarajia sana. Katika kijiji kile hakuna msichana aliyekuwa amewahi kuchaguliwa kwenda sekondari, na mwalimu Kazimiri alikuwa akiniambia kwamba huyu ndiye.

"Mwalimu, samahani. Yatabaki kumi na mawili."

"Umesemaje?"

"Ule wimbo, mwalimu, kuna mahali unakataa. Nimejaribu na kumi na mbili. Kumi na mbili nne inaingia. Sita inaingia. Lakini ishirini na nne haiwezi kuingia ndani ya kumi na mbili, ni kubwa." Akakodoa macho. "Nne ina mbili ndani yake. Na sita ina mbili ndani yake. Nafikiri hiyo mbili tunaihesabu mara mbili."

Someni tena maneno hayo. Mtoto wa darasa la sita, amesimama na jembe, amemaliza jambo ambalo mimi nililifundisha kwa makosa miaka kumi na moja. Na nilimwelewa pale pale. Msidhani sikumwelewa. Ile kumi na mbili ilinichoma kama upupu.

Lakini watoto mia na ushee walikuwa wananitazama, na walimu wenzangu, na mwalimu mkuu. Nikacheka. Nikasema: "Haya, tumepata mwalimu mpya. Basi kama yatabaki kumi na mawili, utayavunja wewe." Mstari mzima ukaangua kicheko. Skolastika akashusha mkono.

Njiani kwenda shambani nikajitenga nikagawanya kwenye kiganja kwa kalamu. Sabini na sita, baki kumi na mbili. Nilikuwa na nafasi hapo. Ningeweza kurudi nikasema jamani, mtoto yule yuko sahihi. Ingechukua muda wa kunywa maji. Badala yake nililamba kidole nikafuta kiganja, nikawaambia viranja kila kundi matuta sabini na sita, nikasimama kwa mbali mikono nyuma.

Kabla ya saa sita kazi ilikwisha. Shamba lote lilikuwa jeusi, limesambazwa vizuri, ila kwenye kona ya barabarani palibaki matuta kumi na mawili yamekaa. Watoto walikuwa wanayatazama na kunong'ona. Mwalimu Kazimiri akaja, akasimama.

"Na hayo?"

"Hayo ni ya Skolastika," nikasema. "Ni adhabu. Amenijibu mstarini."

Watoto wenzake wakaenda kula kande. Skolastika akabaki na jembe lake akayavunja yote kumi na mawili peke yake, hakulia wala hakunung'unika. Mimi nilisimama nikahesabu moja moja mpaka likaisha la mwisho, na nilijichukia kwa kila moja. Naomba mnisadiki kwa hilo, ingawa halikumsaidia yeye kitu.

Mkono wake haukunyooshwa tena. Mwaka ukaisha, akaingia darasa la saba, mkono uko juu ya dawati. Nikiuliza swali gumu na darasa zima limenyamaza, namwona anakodoa macho, najua jibu analo, na anatazama dirishani. Nikimtaja jina anasimama, anasema, "Sijui, mwalimu," anakaa. Nilijiambia ni utoto, atasahau.

Mwezi wa pili nikatoa jaribio. Swali la tisa lilikuwa: 4,212 inagawanyika kwa 24? Toa sababu. Nililiweka kwa makusudi. Nilitaka aandike hapana, nimpe vema, mambo yaishe kimya kimya kati ya karatasi na kalamu, pasiwe na haja ya mimi kufungua mdomo. Nikafungua karatasi yake ya jaribio. Maswali mengine yote alipata. Kwenye la tisa aliandika kwa mwandiko wake ule wa kulala: Inagawanyika, kwa sababu inagawanyika kwa 4 na kwa 6, na mwalimu amesema.

Nilikaa na kalamu nyekundu mkononi mpaka chai ya mapumziko ikapoa. Nikimpa kosa, namwadhibu mara ya pili kwa jambo lile lile. Nikimpa vema, namfundisha uongo kwa mkono wangu. Nikaipeleka karatasi kwa mwalimu Kazimiri. Akavaa miwani, akasoma, akaanza kuzungumza nami kwa Kifipa, jambo alilolifanya akiwa amekasirika tu. Kisha akarudi kwenye Kiswahili.

"Mpe vema."

"Lakini mkuu, si sahihi."

"Amejibu ulichomfundisha. Shambani ulimfundisha kwamba anayejua anavunja matuta peke yake." Akanirudishia karatasi. "Mwezi wa tisa huyu anakaa kwenye mtihani. Akiandika hivi kule, sekondari ataisikia kwa watu. Na hapo atakayekuwa amefeli ni nani, mwalimu?"

Kanuni yenyewe, kwa faida yenu, inarekebishwa kwa urahisi. Mnaruhusiwa kuzidisha kama namba mbili hizo hazina kigawo cha pamoja zaidi ya moja. Mbili na tatu hazina, sawa. Tatu na nne hazina, sawa. Nne na sita zina mbili, hapo simameni. Ishirini na nne ipimeni kwa tatu na nane. 1,836 inakubali tatu, lakini tatu za mwisho ni 836, na nane haiingii humo, inabakiza nne. Yameisha. Sentensi moja tu ilikuwa inakosekana kwenye wimbo wangu.

Jumatatu yake niliomba nafasi mstarini. Nikasimama pale pale niliposimama mwezi wa kumi na moja, nikawaambia watoto kwamba wimbo ule una kosa, kwamba Skolastika alikuwa sahihi na mimi nilijua hivyo kabla jembe la kwanza halijainuliwa, na kwamba ile adhabu ilikuwa ya dhuluma. Watoto hawakuelewa wafanye nini. Mmoja akaanza kupiga makofi, akanyamazishwa. Nikamtazama Skolastika. Alikuwa anaangalia viatu vya mtoto wa mbele yake.

Nilidhani kusema kungetosha. Wiki ikapita, ikapita nyingine, na mkono wake bado uko juu ya dawati. "Sijui, mwalimu." Anakaa.

Baraka alikuwa amenisikiliza mpaka hapo bila kugusa simu yake, jambo la kuandikwa ukutani.

"Kwa hiyo mwalimu, mimi nikamwombe yule binti msamaha?"

"Ngoja. Sijamaliza."

"Na huyo Skolastika alifika wapi?"

Kila ninayemsimulia huuliza hivyo, wanataka niseme amekuwa injinia Dodoma. Alichaguliwa sekondari, alimaliza, sasa ana duka la dawa za mifugo hapa mjini, ana watoto watatu, na juzi aliniuzia dawa ya kuku akanikosoa kipimo. Lakini mambo hayo yalikuja baadaye, na mwezi ule wa tatu hakuna aliyeyajua. Nilichokijua ni kwamba ilikuwa imebaki miezi ya kuhesabika kabla ya mtihani, na mtoto yule alikuwa ameamua kutojua.

Mwezi wa tatu nyasi zilikuwa zimefika kiunoni. Ukawa wakati wa kufukia, kupandisha matuta mapya katika kipande kilichopumzika, kando ya ulezi wetu. Watoto wakapewa sehemu zao. Nikamwendea mwalimu Kazimiri nikamwomba kona yake ya barabarani, inayopakana na ile.

"Ya nini?"

"Kumi na mawili."

Akavua koti lake akalitundika mtini, akaniletea jembe la mpini mrefu, akaondoka zake.

Nilianza baada ya kengele ya mwisho. Nilikuwa nimezaa watoto wanne na sikuwa nimeshika jembe kwa bidii tangu nilipoanza kulipwa mshahara. Unakata nyasi, unazilaza kwa duara, unachimba pembeni, unapindua udongo juu yake mpaka zifunikwe zote. Tuta la kwanza lilikuwa la aibu, nyasi zikichungulia huku na huku. La tatu likaanza kufanana na tuta. Watoto waliokuwa wanaelekea nyumbani wakasimama barabarani kutazama mwalimu anavyohema. "Pole mwalimu!" wanasema, kisha wanaficha vicheko nyuma ya madaftari. Kijana mmoja akataka kuja kunisaidia, nikamfukuza. Viganja vikatoka malengelenge. Nilipomaliza mgongo haunyooki, nimeegemea mpini, jasho linaingia machoni, na moyoni, niseme ukweli, nikajiona nimelipa.

Skolastika alikuwa barabarani pamoja na wenzake. Nilikuwa nimemwona tangu mwanzo, ingawa nilijifanya sijamwona. Wenzake walikuwa wanaanza kuondoka. Yeye alibaki amesimama, daftari kifuani, anakodoa macho kuelekea kwenye ile kona.

Kisha mkono wake ukapanda juu. Pale barabarani, hakuna darasa, hakuna dawati, mkono umenyooka kabisa.

"Ndiyo, Skolastika."

"Mwalimu, samahani. Ni kumi na moja."

"Ni kumi na mawili. Nimeyatengeneza mwenyewe."

"Hapana, mwalimu." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. "Hebu hesabu tena."

Wenzake wakanitazama usoni, wanangoja. Na yeye alikuwa ananitazama usoni vilevile, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na moja.

Nikahesabu kwa kidole, polepole, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Yalikuwa kumi na moja.

"Uko sahihi," nikamwambia, nikakata nyasi za tuta la kumi na mbili.